Odowa ya Mjengoni

Huruma, Nairobi

Mama mpendwa,

Hujambo huko? Goti limepoa, au bado unamficha Baba ili asikukataze kwenda shambani? Sisi tunapumua. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simuni ungeanza kuniombea kabla sijamaliza, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho. Nimekasirika, Mama.

Unajua nilipata kibarua Industrial Area. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha kiwanda cha betri, na ardhi yake ni tope lililolowa mafuta na sumu. Hawaichimbui. Mashine inazamisha chuma kirefu chenye visu, kinazunguka huko chini huku kikimwaga uji wa saruji, mpaka saruji na udongo vinachanganyika humo humo. Vikikauka, ardhi inaweza kubeba ghorofa na sumu inabaki imefungiwa chini. Ni kazi nzuri, sikatai. Lakini uji unaozidi hufurika juu, na sisi wanawake ndio tunaouzoa kwa sepetu na kuurundika karibu na geti. Ukikauka unakuwa mabonge laini ya kijivu.

Majirani walipolalamikia harufu, msimamizi wetu aliwaita getini. "Hapa hakuna sumu tena," akawaambia. "Hata mtoto anaweza kucheza na huu mchanga." Yeye mwenyewe alikuwa amevaa glavu na barakoa! Mimi nilisimama nyuma yake na sepetu langu.

Wiki iliyopita narudi nyumbani, namkuta Nekesa, mdogo wangu uliyenikabidhi ajifungulie karibu na hospitali, ameketi kitandani anatafuna odowa, yale mawe laini ya wajawazito. Nani atamkataza mja mzito kula mawe yake? Hata wewe ulikula. Lakini bonge lile lilikuwa na mstari mweusi wa mafuta katikati. Nililitambua mara moja, maana ndilo ninalozoa kutwa nzima.

Nilimpokonya, nikamtemesha, nikashuka ngazi mbio hadi kwa mama wa kibanda aliyemuuzia.

"Wee madam, usiniletee kelele," akasema. "Hiyo ni odowa fiti. Soja wa mjengo ndiye ananiletea."

Asubuhi nilimwendea huyo soja, mlinzi wetu wa getini, nimekunja ngumi. Nilipomwambia anawalisha watu sumu, mzee wa watu alishika kichwa.

"Ati sumu? Na boss si alisema iko sawa? Wee Nafula, hata msichana wangu nimempelekea, na ako na mimba ya miezi nane!"

Mama, ningempigaje mtu kama huyo? Hasira yote nikampelekea msimamizi. Nikamnyooshea bonge mbele ya vibarua wote, nikamwambia, "Kula." Akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akacheka.

"Kwani nilisema wakule? Na wewe ukijua ni sumu, si ulikuwa hapo nyuma yangu? Mbona hukuongea?"

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya mama yangu, akanifuta kazi papo hapo. Lakini alisema kweli. Siku ile niliogopa kukosa kibarua, nikafunga mdomo.

Nekesa na binti wa soja wamepimwa damu na tunangoja majibu. Mtoto bado anacheza tumboni, na kila akicheza Nekesa ananitazama. Siku hizi napita kibanda kwa kibanda kuwaonya wauzaji. Wengine wanasema nina wivu wa biashara. Potelea mbali, nitarudi kesho.

Msalimie Baba, na shangazi yetu mkunga, na wifi aliyejifungua juzi. Mwambie huyo wifi asiguse mawe yoyote yanayotoka Nairobi.

Na tafadhali usimpigie Nekesa simu kumgombeza. Yeye alikula asichokijua. Mimi nilijua.

Bintiyo,
Nafula