Propela ya Inchi Kumi na Tatu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeipangusa mashine. Nimetia grisi shafti ya propela. Nimekausha maji chini ya boti kwa kopo, kama kila Jumatatu. Mto umepanda kidogo na rangi imegeuka. Mvua ni huko juu, kwetu bado.

Propela imekatika ncha ya panga moja, iligonga gogo wiki jana. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Komora, anasema tuchague nyingine kabla maji hayajafunga barabara. Hii ni boti ya wagonjwa ya kijiji, ya faiba, mashine ya hospawa (nguvu za farasi) arobaini. Barabara ikizama, hakuna njia nyingine ya kufika Garsen. Mimi ni karani wa kamati.

Habona alifia humo mwezi wa tano. Mke wangu. Sikutaka kuliandika leo.

Jumatano, 8 Oktoba

Fundi Athman amekuja kutoka Kipini na propela mbili ndani ya gunia. Moja ina mapanga matatu, imepigwa chapa 13. Nyingine mapanga manne, 10. Hizo ni inchi. Amezieleza vizuri: kama maji yangekuwa magumu kama ubao, propela ikizunguka mara moja ingesogea mbele inchi hizo, kama skrubu. Ya kumi na tatu inakwenda mbali kwa kila mzunguko. Boti ikiwa nyepesi inakimbia, mashine hailii, petroli inadumu. Ya kumi inakwenda kidogo kidogo, lakini inaushika mzigo tangu boti imesimama. Mbio zake zinaisha mapema na mashine inakunywa zaidi.

"Sasa nyinyi mwapakia nini?" akauliza.

"Wagonjwa," akasema Mzee Komora.

"Mgonjwa na nani?"

Watu wakacheka. Huku hakuna anayepelekwa hospitali peke yake. Anakwenda na mama, dada, shangazi, godoro, sufuria, kuku wa supu.

"Basi hiyo si boti ya mgonjwa, bwana. Hiyo boti ya arusi."

Hata mimi nilicheka. Nimerudi nyumbani nikiona haya.

Ile iliyokatika nayo ni ya kumi na tatu. Tuliichagua mwaka jana. Siku ya kuijaribu tulikuwa watatu tu ndani: dereva, mwenyekiti na mimi, tukishuka na mkondo. Boti iliruka. Nilishika saa. Niliandika kwenye daftari la kamati, "Hii ndiyo," nikatia sahihi. Mwandiko mzuri sana.

Hakuna aliyefikiri kwamba Garsen kwetu ni kupanda mto.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijalala mchana wala sijafanya kazi. Nimekaa tu.

Tulikuwa kumi na mmoja botini siku ile ya mwezi wa tano. Habona alikuwa amejifungua alfajiri, mtoto hakuwa hai, na damu ilikataa kusimama. Dereva alisema wapungue watano. Mama mkwe alikuwa ameshakaa, kuku mapajani. Akasema, "Mwanangu haendi peke yake kama mbuzi wa mnada." Dada watatu wakapanda nyuma yake. Dereva akanitazama mimi.

Sikusema kitu. Mkwe atamwambiaje mama mkwe ashuke?

Pua ya boti ilipanda juu ikabaki huko huko. Mashine ilinguruma, mkia umezama, maji yanatupita. Ilikataa kulala juu ya maji iteleze. Safari ilichukua saa mbili na zaidi. Tulipofika daktari alisema tungefika nusu saa mapema angepona. Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya.

Habona alikuwa na tabia ya kutafuna pembe ya leso akiwa na mawazo. Leso zake zote zina pembe moja iliyochakaa. Siku ile aliitafuna karibu safari yote. Kisha ikamtoka mdomoni. Nilidhani amesinzia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kikao cha kamati. Mzee Komora anataka tena ya kumi na tatu, kwa sababu ya petroli. Nikasema ile ndiyo iliyotushinda mwezi wa tano.

"Karani, usiisingizie propela. Mama mkwe wako alipakia jiko zima na kuku. Chuma kingefanya nini?"

Mbele ya watu wote. Mmoja akaguna, wengine wakatazama chini. Namchukia. Namchukia kwa sababu nimeshawaza hivyo hivyo mimi mwenyewe, miezi yote hii, kila nikimwona mama mkwe kanisani, nami nimevaa shati alilonifulia yeye.

Nimeomba tujaribu upya. Kupanda mto hadi Garsen, na watu kumi na mmoja, kwa propela zote mbili. Wamekubali. Mwenyekiti ameweka sharti: tujaribu pia ile ya kumi na tatu na watu sita, ili ijulikane moja kwa moja ni uzito au ni propela.

Nataka kujua. Sitaki kujua.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama mkwe alikuja bila kuitwa. Akapanda, akakaa palepale alipokaa siku ile. Hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Sikumwangalia.

Ya kumi na tatu, watu kumi na mmoja: saa mbili na dakika kumi. Pua juu njia nzima. Mngurumo ni ule ule.

Ya kumi, mapanga manne, watu wale wale. Fundi aliifunga kwa mikono yake. Dereva akavuta gia, pua ikapanda, nikahesabu moyoni, na kabla sijafika ishirini ikalala. Boti nzima ikakaa juu ya maji. Mashine inalia kwa sauti ya juu, lakini inakwenda. Dakika hamsini na mbili. Akina mama walipiga vigelegele. Mama mkwe hakupiga. Tuliporudi alisema mgongo unamuuma, akaenda nyumbani.

Kisha ya kumi na tatu tena, watu sita. Mwenyekiti alikuwemo.

Dakika arobaini na saba.

Nimeandika hesabu hiyo mara tatu, kalamu ilikuwa inakwama. Hata kwa propela ya kumi na tatu tungewahi. Ilitosha watano washuke. Ilitosha mtu mmoja aseme.

Mzee Komora hakushangilia. Alinishika bega. Niliutoa mkono wake.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kamati imechagua ya kumi. Fundi Athman ndiye aliyemaliza ubishi: "Watu hamuwashushi, mimi nimewaona. Basi chukueni inayowabeba." Mwenyekiti alinung'unika habari ya petroli, akakubali. Ya kumi na tatu itakuwa ya akiba.

Nimetia sahihi. Safari hii sikuandika "Hii ndiyo." Nimeandika vipimo tu, na kwamba vimechukuliwa kwa kupanda mto.

Jioni wamempeleka mwanamke wa Kiorma mwenye homa, kutoka ng'ambo. Ndugu zake nao walipanda wote, na kibuyu cha maziwa. Nilisimama ukingoni. Boti ikalala juu ya maji kabla ya kona. Wamefika salama. Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa na wivu tu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua imefika kwetu. Barabara imefungwa tangu jana.

Mama mkwe alikuja asubuhi, akaketi kizingitini, hakutaka kiti. Alikunja leso magotini muda mrefu. Halafu akasema watu wanasema mwenyekiti anasema ulikuwa uzito. Akaniuliza, "Wewe ndiwe uliyeshika saa, baba. Ni kweli?"

Nimekuwa na jibu hilo, ndiyo, ni kweli, mdomoni tangu mwezi wa tano. Nilikuwa nimelipanga maneno yake.

Alikuwa amekonda. Sikuwa nimeona.

Nikamwambia, "Ilikuwa propela, mama. Na niliichagua mimi."

Alinitazama. Mvua ilikuwa inapiga bati. Baadaye akaniuliza kama nimekula.

Nikasema bado.