Jalada Lililokwenda Kwamndolwa

Handeni

Mjukuu wangu Zaina,

Shikamoo yako imefika, marahaba, mwanangu. Sisi ni wazima. Mama yako amemaliza kuvuna mahindi, na babu yako sasa anatembea bila fimbo.

Umeniuliza kama kiongozi aliyestaafu ana haki ya kubaki na nyaraka za siri alizoziandika mwenyewe. Vifungu vya sheria utavisoma huko chuoni. Mimi nilikuwa karani wa masjala hapa wilayani, nitakusimulia lililonipata ujanani.

Mkuu wetu alipostaafu alihamia Kwamndolwa, kule Korogwe, akaondoka na jalada moja la siri aliloliandika mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na majina ya watu waliotoa ushahidi kwa siri kuhusu mashamba yaliyoporwa. Nilitumwa kulifuata. Niliogopa, maana ndiye aliyeniajiri.

"Binti, haya ni maneno yangu," aliniambia. "Watu wananisema vibaya, eti sikufanya lolote kuhusu mashamba yale. Nitajitetea kwa kitu gani?"

"Maneno ni yako, mzee. Lakini wale watu waliiendea serikali, hawakuja nyumbani kwako."

Aliingia ndani, akaniletea jalada. Aliomba alisome mara ya mwisho. Nilimkatalia, nikalia njia nzima hadi Handeni.

Alikufa akiwa bado anasemwa vibaya. Siku ya maziko niliwaona mashahidi wawili wakilitoa jeneza lake nyumbani, wasijue kwamba alikubali aibu ili wao wabaki salama. Majina yao sikutajii hata wewe.

Bibi yako,
Mwanahawa