Zeze la Lorenz Limeingia Maabara

Zeze la Lorenz limechaguliwa! Ndiyo, lile lile ambalo shemeji Ewald alisema linafaa kufukuzia panya. Burkhard wangu ameliingiza maabara kule Erlangen, na wasomi na digrii zao wanalisikiliza midomo wazi.

Sasa nikusalimu, mdogo wangu Irmgard. Hujambo? Goti la Ewald linaendeleaje? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno. Mpaka leo nateremsha vikombe viwili vya kahawa, kimoja nakirudisha.

Kazi ya Burkhard unaijua, ingawa huwa unawaambia watu anatengeneza redio. Wanaubana muziki ili faili iwe ndogo, iingie kwenye simu, kisha wanalinganisha aina za faili, hii MP3, ile AAC, waone ipi inalidanganya sikio vizuri zaidi. Zeze linaziumbua zote: faili mbovu hutoa sauti ya mchakacho kabla kidole hakijagusa uzi! Ndipo kijana wangu, kichwa hicho kakitoa kwangu, akakumbuka rekodi ya baba yake tuliyofanya jikoni.

Akaniita nami nikapime. Wakanivalisha hedifoni, nitoe alama bila kujua faili ipi ni ipi. Nikaanza kuwasimulia Lorenz alivyonichumbia kwa zeze hilo. Binti mmoja mhandisi akaniambia, Mama Kestler, hapa tunapima faili, mumeo tumeshampa mia kwa mia. Burkhard akasema, muache, huyu akishawashwa hazimiki. Tulicheka!

Irmgard, hili hata Burkhard hajui. Tangu mazishi, kila jioni nikila nasikiliza wimbo ule kwenye simu, aliniwekea Burkhard mwenyewe. Lorenz alikuwa akipiga huku anaimba puani, chini chini; ulikuwa ukimcheka. Kwenye simu haimbi. Nikaamini nimejitungia, kwamba nimeanza kumsahau mume wangu. Siku ile ya kupima, faili ya tatu, akaimba. Kumbe ndiyo rekodi kamili, isiyobanwa. Zile ndogo humtupa, kwa kuwa nyuzi zinamzidi sauti na wengi hawatambui kakosekana. Nikaomba choo, nikalia na bomba nimelifungulia.

Nitamwambiaje mtoto kwamba zawadi yake ilinitesa miaka miwili? Nimemwomba tu alete ile nzima, na spika kubwa, ndugu wasikie.

Mbusu Ewald, mwambie aje na ulimi wake. Keki nitaoka mimi, na vikombe nitateremsha vyote.

Ni mimi dada yako Roswitha, ninayewangoja nyote, asikose mtu, Jumapili ya kwanza ya Majilio.