Akiachilia, Watakuona

Fabrice, rafiki yangu,

Tangu tukuzike kuna jambo linanizunguka kichwani, na najua utanicheka: bado sijaelewa kutoonekana maana yake nini.

Unakumbuka mchezo wetu wa hadithi na dadu ulipofika kabla hujaugua. Mwizi wako alikuwa ndani ya ukumbi wa mfalme, haonekani, kwa uchawi aliofanyiwa na mchawi aliyechezwa na dada yako Clarisse. Tukabishana jioni nzima sebuleni kwenu. Mimi mwongoza mchezo nilisema walinzi hawajui ulipo. Wewe, ambaye ungefaidika, ukanipinga: mtu aliyekula samaki wa sambaza mchana atanuka tu, na akikanyaga changarawe za volkano atasikika. Nani anabishana ili akamatwe? Ni wewe tu. Nakukosa sana, bwana.

Jumamosi tulirudi mezani. Mwenzetu Olivier alivuka mpaka pale Grande Barrière na dadu zake mfukoni, kama zamani. Mambo yakaharibika mapema. Walinzi walituzidi nguvu, na wa kutuokoa akabaki Clarisse na ukuta wake wa moto. Nikafungua kitabu cha sheria. Kumbe uchawi wa kuficha unadumu pale tu mchawi anapoushikilia akilini, na huo wa moto nao unataka akili yote. Akiwasha moto, wewe unaonekana, katikati ya mikuki.

Clarisse alikataa. Shujaa wa Olivier akaanguka, akakataa tena.

Nikarudi kwenye ule ukurasa, maana nilitaka kweli kujua. Ukurasa unasema uchawi ukiisha, mtu anaonekana. Sawa. Lakini hausemi popote kwamba lazima awe bado amesimama pale pale tulipomwacha.

Mwishowe Clarisse alifuta macho. “Bon, mi naachilia,” akasema. “Lakini wasimuguse.”

Moto ukawaka, tukapona. Walinzi wakageuka kukutafuta, wote wawili mezani wakanitazama mimi, nikasema ukumbini hakuna mtu. Clarisse akauliza umepitia wapi. Nikamwambia sijui, na sikuwa namdanganya. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaomba dadu.

Nenda salama, ndugu yangu. Nakuahidi, maadamu naongoza mimi, hakuna mlinzi atakayetumwa kukufuata.

Wako,
Aline