Baba, Nimefunga Chumba Kimoja Tu

Baba,

Shikamoo. Arobaini yako ilipita jana. Kile kisanduku chako cha redio cha kupitishia ujumbe wa simu bado kiko juu ya bati, na sola yake naifuta vumbi mwenyewe. Watu wa Mgeta mpaka Dakawa wanaendelea kuandikiana bila bando, kama ulivyotaka.

Ila lile jambo letu. Wenzako wa mtandao wameniachia mimi niamue: ujumbe tuufunge kwa ufunguo, asome aliyeandikiwa tu, au uendelee kusomwa na kila mwenye kisanduku? Wewe ulikuwa unacheka tu: "Nani aibe habari za mvua?" Mimi sikucheka. Siku ile uliniandikia hadharani, "Mwanangu, mimba imetulia?" Mlima mzima ukajua. Na ilipotoka, mlima mzima ukanipa pole hata sijamaliza kulia. Wiki mbili sikukusemesha. Nisamehe, Baba. Lakini haki ilikuwa yangu, na unajua.

Basi siku ya mazishi nilishakata shauri: nafunga kila kitu. Mara huyo mtani wako Mabula, Msukuma wa Dakawa, kavaa kanzu yako na miwani yako, kashika simu. Akaanza kusoma ujumbe wako wa miaka yote kwa ile sauti yako ya puani. "Mama Zuhura, nashuka, msinimalizie kisamvu." "Mabula, mchele wako una mawe kuliko barabara ya Mgeta." Watu mbavu hawana! Mama naye akacheka, mpaka khanga ikamdondoka. Nikakusikia, Baba. Wallahi nilikusikia. Ningekuwa nimefunga, Mabula angesoma nini?

Kwa hiyo humo mtandaoni nimetenga chumba kimoja tu cha ujumbe chenye ufunguo, cha wagonjwa na wajawazito, na mwenye habari yake ndiye anayechagua kuingia. Kwingine kote kuko wazi. Najua ungeguna, halafu ungekubali.

Barua hii naituma kipande kipande kutoka kisanduku chako. Ningeweza kuifungia chumbani, maana lililobaki analijua mume wangu peke yake. Nimekataa. Safari hii nasema mwenyewe, na asikie anayesikia.

Lala salama, Baba yangu. Kisanduku hakitazimika nikiwa hai, nakuahidi.

Na lile swali lako sikuwahi kulijibu. Ndiyo, Baba. Hii mpya ina mwezi wa nne sasa. Imetulia.

Mwanao,
Zuhura