Sale Lililorudishwa

Poli, Meru
Agosti 1953

Kaka Kaanaeli,

Shikamoo. Mama hajambo. Kahawa imeanza kuiva, na ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Ule mringaringa ulioupanda kichwani pa kaburi la mwanao umekatwa. Jirani yetu Elirehema alilalamika mwaka mzima kwamba kivuli chake kinaharibu kahawa yake. Mama alimjibu, "Mti uko kwangu, na chini yake kuna mtu. Hamisha kahawa."

Kisha Elirehema akaja na jani la sale kuomba radhi kwa ugomvi ule. Unajua anayeombwa kwa sale hawezi kukataa. Mama alilipokea, akampa chakula, tukasali pamoja. Jumapili tulipokuwa kanisani aliukata mti. Nilipomuuliza alisema, "Mwanangu, si mmeshanisamehe?"

Mama hakumshtaki, kwa kuwa sale lilikwisha kupokelewa.

Juzi Elirehema alirudi na sale jingine. Alisema kivuli bado kinaangukia kahawa yake, hata jua la mchana likiwa kali. Nilikwenda kutazama. Kipo.

Mama alimwambia, "Hilo siwezi kulipokea mimi. Mpe mwenye mti."

Akaliweka juu ya kisiki, akaomba msamaha kwa sauti, akaenda zake. Asubuhi alilikuta mlangoni pake. Mimi sikuligusa, na Mama anasema hakutoka ndani.

Elirehema ananiomba nikuandikie uje. Anasema labda mtoto atamsikia baba yake. Mama hataki uje.

Mdogo wako,
Eunike