Mkono wa Shemeji Kahangwa

Jumapili, 6 Julai 2025

Nimetoka misa ya kwanza na amani yote moyoni, nikaipoteza uani kwangu. Mbwa wa Kahangwa alikuwa juu ya mbwa wangu, katikati ya kahawa niliyoanika. Kamkamata shingo, anamtikisa kama dasta. Nikapiga kelele. Nikampiga na mkoba. Kisha nikaingiza mkono! Mwalimu mzima, miaka thelathini na mitatu darasani, naingiza mkono katikati ya mbwa wanaopigana. Nimeng'atwa karibu na kidole gumba.

Nilimmwagia ndoo nzima ya maji, hakukimbia. Alinitazama tu, mate yanamtoka, halafu akaondoka upandeupande kama mlevi, akapenya kwenye milamula, miti iliyopandwa kuwa mpaka, kurudi kwao.

Mbwa wangu, Watasema, ana matundu manne shingoni na sikio limechanika. Nimempaka chumvi na majivu. Mimi nimejifunga kipande cha kitenge.

Miaka yote hawa mbwa wawili walikuwa wakinusana tu mpakani. Wanaogombana ni sisi. Kwenye matanga ya marehemu mume wangu, mdogo wake huyu Kahangwa alisimama mbele ya ukoo akasema mjane asiye na mtoto wa kiume hana kibanja, shamba si lake, ana pa kulala tu. Baada ya mwezi, milamula ikawa imehama hatua mbili kuja kwangu. Nikatafuta mbwa, nikamwita Watasema. Yeye akatafuta wake, akamwita Tumezoea. Mwaka wa kumi na moja huu, hayo ndiyo mazungumzo yetu. Jioni mimi naita wangu, yeye anaita wake, kwa sauti ya kusikika. Salamu hakuna.

Nimemwandikia mwenyekiti wa kitongoji, Kagaruki. Kalamu nyekundu. Mbwa auawe kesho kabla jua halijatua. Nimepigia mstari neno kesho.


Jumatatu, 7 Julai

Auawe — ameuawa.

Nilisimama nyuma ya mgomba, karibu na mpaka. Nakiri, nilitaka kuona. Kahangwa alimfunga kamba kwenye mti, akampiga na mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilikosa. Mbwa akaruka, akamdaka mkono wa kushoto, akaning'inia nao. Kahangwa akalia kama mtoto. Nikafurahi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nikafurahi sana.

Alipomaliza akamburuta hadi kwenye shimo la choo cha zamani, akamtumbukiza, akafukia kwa mawe na udongo. Hakuniona, lakini akapaza sauti kuelekea kwangu: "Kazi imekwisha! Mwambieni mwalimu aje asahihishe!"

Mjinga.

Mkono wangu umevimba kidogo. Watasema amekunywa uji.


Jumanne, 8 Julai

Bwana mifugo, Dastan, amekuja na pikipiki. Nilimfundisha darasa la nne, leo kanifokea mimi. Nani alikuambia majivu? Sabuni na maji yanayotiririka, mwalimu, robo saa nzima, halafu hospitali siku ileile. Nani aliwaambia mmuue yule mbwa? Alitakiwa afungwe, aangaliwe siku kumi akiwa hai. Angepona hizo siku kumi tungelala usingizi. Angekufa mwenyewe tungejua ni kichaa. Hata kichwa kingepimwa. Sasa yuko chini ya mawe na mavi ya miaka ishirini, tutajuaje?

Sikumwonyesha nakala ya barua yangu.

Akaomba kadi ya chanjo ya Watasema. Sina. Mwaka jana walichanja mbwa wote wa kitongoji, kituo kikawekwa uani kwa Kahangwa. Ningekanyaga pale? Nilisema heri mbwa wangu akae hivyohivyo. Na huyo mwenye uwanja? Wa kwake hamo kwenye daftari la Dastan! Siku ile alikuwa amezurura, bwana mkubwa akaona uvivu kumtafuta.

Kuhusu Watasema, Dastan alisema kwa upole kwamba kilicho salama ni kumlaza kwa sindano. Nikasema hapana. Basi afungwe peke yake, miezi sita, chakula asukumiwe kwa fimbo, asiguswe na mtu. Nimemweka kwenye jiko la zamani. Analia mlangoni.

Halafu akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeumwa. Kahangwa amemwambia mkono alijikata na panga akikata mkungu. Mwalimu, wewe uliona chochote?

Nikasema sikuona.

Ningesemaje, kwamba nilikuwa nachungulia nyuma ya mgomba kama mwizi? Ana mdomo wake. Aseme mwenyewe.


Ijumaa, 11 Julai — Bakoba

Niko kwa Klaudia, mtaa wa Bakoba mjini Bukoba. Ya kwanza nilichomwa Jumanne ileile, sindano ya pili leo. Mwanangu ananichunga kama yai. Usinyanyue hiki, mama, kaa pale, mama. Nimemwambia nimeumwa mkono, sijazeeka.

Muuguzi ni binti mdogo anayeongea bila kupumua. Nilimuuliza: mtu akiumwa asichomwe, inakuwaje? Akasema huweza kukaa wiki, hata miezi, mzima kabisa, analima, anacheka. Kisha kidonda kilichopona kinaanza kuwasha. Kisha anashindwa kumeza maji. Akifika hapo, mama, hospitali inampa kitanda tu.

Nikauliza, na kabla ya hapo? Kabla ya hapo sindano inamwokoa, hata kama amechelewa. Ndiyo maana tunawaambia waje.

Akataka kujua kwa nini nauliza. Nikasema mimi ni mwalimu, nauliza kila kitu.


Jumanne, 22 Julai

Nimerudi kijijini, Kagoma. Sindano ya nne imepita. Watasema alinisikia tangu njiani, alibweka mpaka akakohoa. Vidonda vimefunga. Jirani wa ng'ambo ya barabara, niliyemwachia fimbo ya kumsukumia chakula, anasema anakula.

Kwa hiyo Tumezoea hakuwa mgonjwa. Alikuwa na tabia mbaya kama mwenyewe, basi. Hakuna haja ya kumsumbua mtu.

Kahangwa nimemwona akigeuza kahawa yake. Mkono hana kitambaa tena. Aliponiona akatema mate chini.


Jumapili, 27 Julai

Kanisani mkewe, Vestina, alinisogelea wakati wa kutoka. Miaka kumi na moja huyu mwanamke ananisalimia kwa macho tu, mumewe asione. Leo akanishika kiwiko. Alitaka kujua zile sindano zinapatikana wapi na kama zinauma. Nikamuuliza nani anazitaka. Akasema hakuna, anauliza tu.

Angeuliza mara moja tu zaidi ningemwambia. Hakuuliza. Na mimi sikufungua mdomo.


Jumatano, 6 Agosti

Watasema hajala tangu jana. Jana nilikuwa Bukoba kwa sindano ya mwisho, nikadhani amenuna. Leo nimemsukumia ndizi na dagaa, vitu anavyovipenda kufa, akavinusa akarudi pembeni. Taya la chini limelegea.

Ni meno. Ni mzee huyu, meno yamekwisha.


Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Kila mtu kaenda kwenye maonyesho, na Dastan pia. Nimempigia mara sita ndipo akapokea, nyuma yake ngoma na vipaza sauti. Nikamweleza: mate yanamtoka. Sauti imebadilika, habweki, anakoroma. Nimemwekea maji, ametumbukiza mdomo, hayashuki.

Ngoma nikazisikia zikienda mbali, alikuwa akitafuta pa kusimama. Akasema usifungue huo mlango, kesho asubuhi nakuja. Akasema kama ndivyo, basi yule wa Kahangwa alikuwa na kichaa. Halafu, kwa Kihaya cha heshima: "Mwalimu waitu, una uhakika hakuna mtu mwingine aliyeumwa?"

Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Niandike ukweli, maana nimeshazoea kuuandika hapa tu. Kahangwa hana mtoto wa kiume anayeishi hapa. Akiondoka, hakuna tena wa kusimama mbele ya ukoo kunihesabia haki zangu. Milamula nitairudisha hatua mbili, hata nne! Na sitakuwa nimefanya chochote. Nitakuwa nimenyamaza, kama yeye na ukoo mzima walivyonyamaza nilipolia. Hakuna atakayenilaumu. Nani anajua niliona?

Namchukia. Nimemchukia kwa uaminifu kuliko nilivyowahi kusali.

Lakini ni barua yangu iliyomtia jembe mkononi. Kalamu nyekundu. Na mstari nikapiga.


Jumamosi, 9 Agosti

Dastan alifika saa mbili. Hakunichelewesha. Sindano moja, kwenye ncha ya mti mrefu, kupitia dirishani. Sikuruhusiwa kumgusa. Miaka kumi na moja analala mlangoni kwangu, nimemuaga kwa kumwita jina. Aliinua sikio, lile zima. Kichwa kinapelekwa kupimwa, ingawa Dastan mwenyewe hana shaka.

Akiwa anavua glavu nikamwambia. Yote, mgomba, jembe, mkono wa kushoto, na kwamba nilimdanganya. Alinitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wao wakinakili mtihani. Akasema Kahangwa ameshamkana mara mbili, mara ya tatu atamkana tena. Aliyeona ni mimi, niende mimi. Yeye anapiga simu mjini wamtayarishie.

Nikachukua mkoba na hili daftari, kadi yangu ya sindano nimeibana humu ndani. Nikapita kwenye milamula. Sikuzunguka njiani.

Kahangwa alikuwa anaanua kahawa. Akasimama. Nikasema, "Shemeji." Neno lenyewe lilikuwa limeota kutu.

"Mbwa wako kafa, umekuja nilie?"

"Nimekuja unionyeshe mkono wa kushoto."

Akauficha mfukoni. Akasema alijikata na panga. Nikasema nilikuwepo, nyuma ya mgomba, nilikuona ukiumwa na nilifurahi. Hapo akakasirika vizuri. Maawe! Kila tusi alilolitunza tangu matanga lilitoka, na mimi nilikuwa na yangu, nikayatoa. Tumetukanana hadi kuku wakakimbia. Nikamtupia kadi. Soma, tarehe hizi hapa, mihuri hii hapa, mbwa wangu amekufa kwa ugonjwa wa mbwa wako, na sasa ni zamu yako usipoondoka leo.

Akaisoma. Akaigeuza nyuma. Kisha akacheka.

"Nimekuelewa. Unataka niende Bukoba siku kadhaa, nirudi nikute milamula iko chumbani kwangu."

Mungu wangu! Mtu anakufa, anawaza mpaka! Na jana mimi niliwaza nini?

Nikamwambia basi twende wote. Mimi na wewe, gari moja, nikae kwa Klaudia mpaka umalize sindano zako. Nani atabaki wa kuichimba milamula?

Akaitazama milamula, akanitazama mimi. Naapa alikuwa anapiga hesabu ni nani ninayeweza kumtuma. Ndipo Vestina akatoka ndani, khanga mdomoni, akasema mbele yangu kile alichoshindwa kusema kanisani. Mkono unamwasha. Tangu Jumatano anaukuna mpaka unatoa damu, na anashtuka upepo ukimpiga usoni.

Kahangwa akamwambia anyamaze. Lakini hakusema ni uongo.

Tangu Jumatano. Nikahesabu. Kama ningesema siku ile kanisani. Kama ningesema Julai.

Amekwenda kuvaa shati. Kagaruki amepigiwa, analeta gari lake. Mimi nimekaa kwenye benchi la Kahangwa, uani kwa Kahangwa, mahali nilipoapa sitakanyaga, na naandika kwa sababu mikono inataka kazi. Dakika ishirini sasa.

Ametoka. Shati la Jumapili, amefunga hadi kifungo cha juu. Amekaa ncha ya pili ya benchi. Hanitazami. Ananiuliza kama huko Bukoba kuna mbwa. Sijui ni utani au la.

Vestina amemletea maji anywe kabla ya safari. Kikombe cha bati, kimejaa.

Amekipokea kwa mkono wa kulia. Amekiinua, kimefika kifuani, kimesimama. Vestina anatazama kikombe. Na mimi pia.

Kunywa, shemeji. Kunywa, mshenzi wewe.

Honi ya Kagaruki kule barabarani. Kikombe bado kiko palepale.